Pingili Mia na Nne

Nilidhani chuma hurefuka kama mpira wa manati.
Nyamizi akacheka. Baba, hakirefuki.
Kila pini imeliwa upana wa unywele,
na pini ni mia na nne.
Jumlisha.

Honda hii ilikuwa ya bwana shamba wa tumbaku.
Niliipata mnadani Urambo, mwaka ule wa bei mbaya;
ukikwangua tangi kwa ukucha
utakuta nembo ya serikali chini ya bluu.
Kwangu imebeba asali: ndoo ubavuni, ndoo ubavuni,
na nyuki wawili watatu waliokataa kuachwa.

Msimu jana nilibadili cheni peke yake.
Fundi Nkwabi alisema: zote tatu, au usibadili.
Nikaona ananichuuzia. Nikamwacha na domo lake,
nikavisha cheni mpya juu ya meno ya zamani,
na kabla masika hayajakatika
ikaanza kulia kwa lafudhi ya ile iliyokufa.

Alhamisi ikachomoka, njia ya Ipole, mchangani.
Ndoo moja ilipasuka.
Siafu walifika kabla sijasimama vizuri.
Nikakaa pale, miombo kimya kulia na kushoto,
nikitazama ada ya shule ikinywewa na ardhi.

Tabora mjini, dukani, kijana akauliza: Meno mangapi?
kana kwamba naulizwa umri wa mama mkwe.
Nikafunua gazeti, nikamwekea sproketi yenyewe kaunta:
meno yamelala upande mmoja, yamechongoka
kama kucha za jogoo mzee.
Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Arobaini na mbili.
Dogo, kumi na tano.
Cheni ina pingili mia moja kumi na nane,
utakata mwenyewe.

Nkwabi nilimkwepa kwa aibu.
Nyamizi ndiye aliyekwenda kuazima kikatio;
akarudi nacho, na salamu moja tu:
Anauliza, zote tatu?

Jumapili. Turubai chini ya upenu.
Kalunde yuko juu ya kiti na kitenge chake cha kanisani,
amekanyaga breki ya nyuma kwa mguu mzima.
Mimi nimechomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana
na nati ya mbele haitaki.
Haitaki.
Unaifungua au unaibembeleza? akauliza.
Ikaachia kwa mlio wa kuni kavu,
nami nikakaa kitako ndani ya karai la oili chafu.

Nyuma ya kifuniko: tope jeusi la miaka,
grisi, mchanga wa Sikonge, uzi wa gunia,
na bawa moja la nyuki, zima,
limehifadhiwa humo kama stakabadhi.

Nilihesabu mia na tatu.
Haitafunga, Nyamizi akasema, ndani kwa ndani hazishikani.
Akahesabu upya, akatia chaki.
Klipu nayo niliivisha kinyume;
akaing'oa kwa koleo bila kunitazama.
Kichwa kitangulie, Baba. Mdomo ubaki nyuma,
usije ukakwaa kitu ukatema.
Nani kamfundisha? Sikuuliza.
Kuna maswali ambayo jibu lake ni kijana wa gereji.

Nilitaka kuikaza iwe waya wa simu.
Kalunde akaibonyeza kwa vidole viwili, ikagoma.
Legeza, iache ipumue.
Mwaka wa kwanza ulinikaza hivihivi.
Nikalegeza.
Robo mzunguko kushoto, robo mzunguko kulia,
hadi vidole viwili vikazama na kurudi.

Zilibaki pingili kumi na nne.
Zimemtosha Nyamizi mkononi kama zilipimwa,
na doa la grisi limeshaingia kwenye daftari la jiografia.

Jumatatu, alfajiri, ndoo mbili.
Nilifika kwenye daraja la magogo nikazima injini,
nikidhani kuna kitu kimedondoka, maana sikusikia kelele.
Nikageuka. Kila kitu kilikuwepo.
Pikipiki ilijiviringisha yenyewe mteremkoni, cheni haina neno,
na ndani ya ndoo, kwa mara ya kwanza miaka yote hii,
nikasikia asali ikigeuka upande.